Ndege ya Vita ya Kuundwa Nyumbani: Ni Faradhi au ni Israfu?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha Kitabu na mizani, na akakiteremsha chuma chenye nguvu kali na manufaa kwa watu. Na rehema na amani zimshukie Bwana wa Mitume, Muhammad, na Ali zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Kila mwaka, tangu Aprili hata mwisho wa Juni, Bunge la Tanzania hukaa Dodoma kupima mapato na matumizi ya nchi, na Wizara ya Ulinzi huomba fungu lake kama wizara nyingine. Nchi hii ina kikosi cha anga, na ndege zake za vita zimenunuliwa kwa watu, nyingi katika hizo kutoka China. Basi huulizwa: Je, taifa linalonunua silaha zake kwa wengine limetimiza wajibu wake? Au limelazimika kuunda ndege yake lenyewe, kwa mikono ya watu wake? Na gharama ya kazi hiyo ikiwa kubwa mno, je, ni wajibu bado, au imekuwa israfu?

Suala hili kwa nje lina sura ya siasa, lakini ndani yake mna mali ya umma, na damu ya watu, na amana. Na mambo haya matatu hayakuachwa na Sharia bila ya hukumu.

Wanaosema ya kuwa kuunda ni faradhi wana hoja zisizofaa kudharauliwa. Ya kwanza ni amri ya Mwenyezi Mungu katika Suratul Anfal, kuwaandalia maadui nguvu na farasi waliofungwa tayari. Ya pili ni Hadithi ya Uqba bin Amir, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, ya kwamba kwa mshale mmoja Mwenyezi Mungu huwatia Peponi watu watatu: aliyeuunda akikusudia kheri, na aliyeutupa, na aliyempa mtupaji. Fundi ametajwa hapo pamoja na askari, wala hakuwekwa nyuma yake. Ya tatu ni kauli ya Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachojulikana katika darsa za Kishafii pwani yote hii, ya kuwa ufundi na kazi za mikono, na kila ambacho maisha ya watu hayatengenei ila kwa hicho, ni katika faradhi za kutosheleza. Wakiifanya wa kutosha, waliobaki husalimika. Wakiiacha wote, dhambi ni ya wote.

Na hoja yao ya nne ni khabari za ulimwengu. Pakistan ilinunua Marekani ndege za vita aina ya F-16, ikalipa mamia ya milioni za dola. Mwaka 1990 Marekani ikazuia msaada wake kwa sababu ya khitilafu juu ya silaha za nyuklia, na ndege 28 zilizokuwa zimekwisha agizwa hazikutolewa. Zikawekwa katika jangwa la Arizona, na mwenye kuzilipia hawezi kuzigusa. Hata mwaka 1998 ndipo walipopatana, na sehemu ya fidia ikawa si fedha bali bidhaa, na ngano ikiwa miongoni mwake. Aliyelipa kwa ajili ya mbawa akarudishiwa nafaka. Na Uturuki, iliyokuwa mshirika katika kuunda ndege ya F-35, na viwanda vyake vikitoa sehemu za ndege hiyo, iliondolewa katika ushirika huo mwaka 2019 kwa kuwa ilinunua makombora ya kujikinga kutoka Urusi. Basi wasema watu hawa: silaha ya kununua ni silaha ya kuazima, na mwenye kuazimwa hapigani ila kwa idhini ya mwenye chombo.

Wanaosema ya kuwa ni israfu nao wana hoja zao, na kubwa ni hesabu. Korea ya Kusini imeunda ndege iitwayo KF-21, ikaruka mara ya kwanza Julai 2022. Kuibuni na kuijaribu kumekadiriwa kugharimu won trilioni 8.8, yaani zaidi ya dola bilioni 6, kabla ya kuhesabu ndege zenyewe za kutumiwa na jeshi. Na hiyo ni nchi iliyokuwa ikiuza meli na magari ulimwenguni kote kwa miaka mingi. Indonesia iliahidi kuchangia moja katika tano ya gharama hiyo, ikashindwa kulipa kwa wakati, na mwaka 2024 fungu lake likapunguzwa kutoka won trilioni 1.6 hata won bilioni 600. Bajeti yote ya Tanzania ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35, ambayo haifiki dola bilioni 20. Maana yake ni kwamba kazi kama ile ya Korea, pasipo ndege hata moja ya jeshi, ingemeza karibu thuluthi ya mwaka mzima wa nchi: hospitali na skuli na barabara, na mishahara na madeni, vyote pamoja.

Jawabu: kila kundi limeshika ncha moja ya amri na likaiacha ncha ya pili. Aya ile ya Suratul Anfal haikuamrisha nguvu tu. Imeifunga nguvu kwa uwezo, ikataka waumini waandae kadiri wawezavyo. Aliyechukua neno la nguvu akaacha neno la uwezo amesoma nusu ya aya. Na aliyechukua neno la uwezo akalifanya udhuru wa kulala, naye kadhalika.

Na uwezo katika Sharia si fedha peke yake. Kila aliyesoma mlango wa Hija ajua haya. Mtu hawi muweza kwa kuwa na nauli. Sharti awe na masurufu ya kwenda na kurudi, na njia iwe ya amani, na awe amekwisha lipa deni lake lililofika muda, na awe amewaachia walio juu yake chakula chao mpaka arejee. Akipungukiwa na moja katika haya, faradhi haijamfika, hata kama shauku yake ni kubwa namna gani. Ikiwa ibada iliyo nguzo ya Uislamu imewekewa kipimo hiki, vipi chombo cha chuma kikosewe kipimo?

Na dalili iliyo wazi zaidi ni ya Nabii Daudi, amani imshukie. Mwenyezi Mungu amekhubiri katika Suratu Saba ya kwamba alimlainishia chuma, akamwamrisha kuunda mavazi kamili ya vita, na kupima sawasawa katika kuunga pete zake. Wafasiri wameeleza kipimo hicho: msumari usiwe mwembamba ukacheza ndani ya pete, wala usiwe mnene ukaipasua. Huyu ni Nabii aliyelainishiwa chuma mkononi kwa muujiza, na juu ya hayo hakusamehewa kupima. Basi asiyelainishiwa kitu atasamehewa vipi?

Ndege ya vita ni vazi la pete nyingi. Kuna pete ya madini na namna ya kuyayeyusha, na pete ya hesabu za upepo, na pete ya mitambo ya umeme inayoona mbali, na pete ya marubani, na pete ya mafundi wanaotengeneza kila baada ya safari. Na pete ngumu kupita zote ni injini. Ndani yake mna vijipanga vidogo vinavyozunguka katika moto ulio mkali kuliko kiasi cha kuyeyusha madini yaliyoundiwa. Haviyeyuki kwa sababu vimetobolewa njia nyembamba za kupitisha hewa ya kuvipoza, na vimemiminwa kwa namna ambayo chuma chote huwa punje moja isiyo na kiungo. Wanaojua kazi hiyo kwa ukamilifu ulimwenguni ni mataifa machache: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa, na China iliyoifikia baada ya taabu ndefu. Ndege ya Korea iliyotajwa juu hutumia injini ya Kimarekani. Ndege ya Uturuki, KAAN, iliyoruka Februari 2024 na kufurahiwa na Waislamu wengi, nayo iliruka kwa injini za Kimarekani.

Misri ilikwisha pita njia hii. Katika zama za Rais Gamal Abdel Nasser iliwaita mafundi wa Kijerumani na wa Kiaustria, akiwamo Willy Messerschmitt, wakaunda huko Helwan ndege iliyoitwa HA-300. Ikaruka Machi 1964, kwa injini ya Kiingereza kwa kuwa yake ilikuwa haijawa tayari. India wakati huo ilikuwa imeunda ndege yake, Marut, iliyoruka mwaka 1961 kwa injini za namna hiyo hiyo ya Kiingereza zisizoitosha, nayo ikashirikiana na Misri kwa kuitarajia injini ya Helwan. Mwaka 1969 Misri ikaifunga kazi yote. Marut ikafanya kazi katika jeshi la India, lakini injini iliyostahiki haikuipata kamwe. Watu wale hawakuwa wavivu wala wajinga. Vazi lilikuwa tayari, na pete moja ikakosekana.

Kinyume cha hayo ni Pakistan, baada ya kufundishwa na machungu. Huko Kamra walianza katika miaka ya 1970 kwa kazi isiyo na sifa: kufungua ndege za Kichina zilizochakaa, kuzisafisha, na kuzifunga upya. Wakaingia katika kutengeneza Mirage za Kifaransa, kisha wakaunda ndege ndogo za kufundishia marubani, kisha ndipo, pamoja na China, wakaunda JF-17 iliyoruka mwaka 2003. Na hata hiyo injini yake ni ya Kirusi. Pete baada ya pete, zaidi ya miaka thelathini, na vazi bado halijatimia.

Asije mtu akadhani ya kwamba khasara ya kuruka pete huwapata maskini tu. Nyanda za Dodoma zina ushahidi wake. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Serikali ya Uingereza, yenye fedha na wataalamu na dola iliyoenea ulimwengu, iliazimu kulima karanga Tanganyika katika eka zaidi ya milioni 3, na makao ya kazi yakawekwa Kongwa mwaka 1947. Wakadiriaji walikuwa wameizunguka nchi kwa majuma machache tu. Vifaru vya vita vikageuzwa matrekta, vikaletwa kung'oa mibuyu. Lakini udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukaza kama saruji, ukavunja majembe na kuzishika karanga chini. Na mvua ya Ugogo haikungoja ratiba ya mtu. Wagogo walioishi na udongo ule na mvua ile tangu babu zao walikuwako hapo hapo. Januari 1951 kazi ikaachwa, na paundi milioni 36 zikafutwa katika daftari. Hawakupungukiwa na nguvu, walipungukiwa na kipimo. Na ikiwa karanga, mmea ambao mwanamke huulima kwa jembe la mkono, ulikataa kutii fedha zisizo na kipimo, ndege ya vita itatii?

Na ipo khasara nyingine, ya mwenye fedha asiye na watu. Libya iliagiza Ufaransa ndege 110 za Mirage mwaka 1970, kisha ikanunua nyingine nyingi za Kirusi, zikawa nyingi kuliko marubani na mafundi wake. Katika vita vya Kagera, Machi 1979, ndege ya Libya ilitumwa kuupiga mji wa Mwanza. Ikaukosa mji, na makombora yakaangukia wanyama wa kisiwa cha Saanane. Mwaka 2011 dola ile ikaanguka, na ndege zake zote hazikuiokoa. Dodoma leo pana msikiti mkubwa uliojengwa kwa fedha za Libya, uliofunguliwa mwaka 2010, na watu huuita kwa jina la Gaddafi. Adhana bado yatoka hapo mara tano kila siku. Mwenye akili na apime mwenyewe, katika mali ile yote, kipi kilichobaki kuwafaa watu.

Limebaki suala la mali hii ni ya nani. Mwaka 1259, Wamongoli walipokuwa wakiijia Sham na Misri, Qutuz alitaka kuwatoza watu fedha za vita. Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliye miongoni mwa maimamu wakubwa wa Kishafii, hakukataa jihadi na wala hakumpa ruhusa ya bure. Alimwambia ya kwamba mali ya raia haichukuliwi mpaka isibaki kitu katika Baitulmali, na mpaka maamiri wauze mikanda yao ya dhahabu na mapambo yao, wawe sawa na watu wa kawaida, na kila askari abaki na farasi wake na silaha yake. Mwaka uliofuata Wamongoli wakavunjwa Ain Jalut. Na Imam Nawawi alipotakiwa na Baibars kutia mkono katika fatwa ya kuwatoza watu wa Sham, alikataa kwa sababu hiyo hiyo. Adui wa zama zile alikuwa mlangoni. Wala hawakusema maulamaa hao ya kwamba hofu yahalalisha kila kitu.

Na sababu ya ukali wao yaonekana Ugogo. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani kisha Waingereza walipita nyanda hizi wakichukua nafaka na ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana, ghala zilikuwa tupu na mifugo imekwenda. Njaa ile ya 1917 hata 1920 Wagogo waliiita Mtunya, na maelfu walikufa. Hawakuwa na ugomvi na Kaisari wala na Mfalme wa Uingereza. Walilipa tu vita vya watu wengine kwa matumbo ya watoto wao.

Na Kongwa hiyo hiyo ya karanga ilijulikana tangu miaka ya 1980 kwa wachunguzi wa vikope, ugonjwa wa macho ambao huanza kwa mtoto asiyenawishwa uso na huishia kwa mtu mzima kipofu. Sehemu kubwa ya kinga yake ni maji na usafi. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema ya kwamba yamtosha mtu dhambi kumpoteza ambaye chakula chake kiko juu yake. Basi mtawala atakayetia fedha ya maji ya kunawia macho ya mtoto katika jicho la ndege ambayo haitaruka, ana jawabu gani Siku ya Hesabu? Na iwe wazi: atakayeiacha nchi wazi hata adui akaingia, akamuua mtoto huyo huyo, naye ana suala lake. Kagera walimwona Amin akivuka mpaka mwaka 1978. Ulinzi ni haki ya raia kama maji.

Kwa hayo hukumu yajitenga katika daraja tatu.

Ya kwanza ni wajibu usio na udhuru, nao ni kuunga pete za mwanzo: kufundisha hesabu na ufuaji, kutengeneza kwa mikono ya wenyeji kila chombo kilichonunuliwa, na kutomtegemea mgeni kwa parafujo. Katika njia hii ziko kazi kama Mzinga huko Morogoro, inayounda risasi, na Nyumbu huko Kibaha, iliyojaribu kuunda gari la nchi. Magari yale hayakufika kuundwa kwa wingi, na watu wameyacheka. Lakini aliyejaribu gari na kujifunza yu karibu na ndege kuliko aliyecheka.

Ya pili ni halali kwa sharti, nayo ni kununua silaha ya kiasi cha khatari iliyopo, na kushirikiana na wengine katika kuunda, kwa hesabu iliyo wazi mbele ya wenye mali, na kwa masharti ya kufundishwa kazi.

Ya tatu ni haramu, nayo ni kuanza kwa pete ya mwisho: kutangaza ndege kwa ajili ya fakhari, kwa deni watakalolipa watoto, hali pete za katikati hazipo. Hiyo ni israfu, hata kama imevikwa jina la jihadi.

Na lawama isiishie kwa walioko Dodoma. Watu wa pwani walikuwa mafundi. Mtepe ulishonwa kwa kamba pasipo msumari, ukavuka bahari. Na jahazi laundwa Lamu hata leo na fundi ambaye vipimo vimo kichwani mwake. Lakini baba wangapi leo humwona mwanawe fundi kuwa ameanguka, na mwanawe karani kuwa ameinuka? Na madrasa ngapi mwanafunzi humaliza mlango wa Mirathi akiwa amehifadhi ya kwamba mke ana thumni na mama ana sudusi, naye hawezi kuzijumlisha pasipo kusaidiwa? Ilimu ya faraidhi ni hesabu. Na hesabu iliyo sahihi katika kugawa urithi wa yatima ni hiyo hiyo ya kupima upana wa pete. Mwalimu aliyeiacha ameacha pete iliyo mkononi mwake, kisha huwalaumu wengine kwa iliyo mbinguni.

Faradhi ya kutosheleza haianguki kwa kusemwa. Huanguka kwa kufanywa. Mzee na ampeleke mwanawe kwa fundi, na mwalimu na arudishe hesabu darasani, na mbunge na apime kabla ya kunyosha mkono. Yakifanywa haya kwa miaka thelathini, huenda watoto wa watoto wakauliza tena suala la ndege, na jawabu lao likawa jingine.

Mwenyezi Mungu awape viongozi wa nchi kipimo cha Daudi, na awahifadhi watu wa bara na wa pwani na njaa na khofu.

Wallahu aalam.